Uchungu wa Kazi: Tuuseme kwa Nani, na Tuuseme Wapi?

Hakuna kazi isiyo na uchungu wake. Mwalimu hulalamikia wingi wa watoto darasani, muuguzi hulalamikia zamu za usiku, karani cheo kisichopanda, na mtu wa kiwandani ujira usiofika mwisho wa mwezi. Jambo hili si geni, wala si aibu. Lakini liko swali ambalo wengi hawajiulizi mpaka wakishapata hasara: Je, uchungu huu yafaa kuwaambia wenzetu tunaofanya nao kazi? Na kama yafaa, tuwaambie kiasi gani, wapi, na lini?

Twaona ni vyema kulichunguza swali hili katika ukurasa huu, kwa sababu wako wanaokosea kwa upande huu, na wako wanaokosea kwa upande ule. Yuko asemaye kila kitu kwa kila mtu. Ofisi nzima yajua kwamba amechoka, wageni wajua, hata mama anayeleta chai yajua ni lini atakapoacha kazi, ijapokuwa yeye mwenyewe hajui. Na yuko asiyesema neno lolote kwa mtu yeyote. Humeza yote, akatabasamu, mpaka siku mwili unapokataa. Wa kwanza hupoteza heshima yake, na pengine riziki yake. Wa pili hupoteza haki yake, na pengine afya yake.

Wala dawa si kusema nusu na kuficha nusu. Dawa ni kukijua kwanza kile kilichomo moyoni, kisha kukipeleka kwa mtu wake. Hilo ndilo somo letu la leo.

MJI WA WATU WA MSHAHARA

Tuanze na mahali petu. Tangini ni kata mojawapo ya Mji wa Kibaha, na Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Mji huu umekua kwa kazi za mshahara. Mwaka 1963 ulianzishwa hapa, kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Kaskazini ya Ulaya, mradi ambao leo twaujua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha, wenye shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Zikaongezeka ofisi za mkoa na za halmashauri, ikakua Hospitali ya Tumbi, vikaja viwanda. Na kila alfajiri wako wengine wanaopanda mabasi ya Barabara ya Morogoro kwenda kazini Dar es Salaam.

Katika mji wa namna hii, mfanyakazi mwenzako si mfanyakazi mwenzako tu. Ni jirani yako wa nyumba ya tatu. Ni shemeji wa mdogo wako. Ni mwanachama mwenzako wa kikoba. Ndiye aliyekesha nawe msibani. Watoto wenu husoma shule moja. Mjini Dar es Salaam mtu aweza kusema neno kazini asubuhi, akapanda basi, akaliacha huko huko. Kwetu neno hutangulia kufika nyumbani kuliko aliyelisema. Mwalimu akitamka Jumatatu, katika chumba cha walimu, kwamba amechoka na anatafuta pengine, haitapita Jumatano kabla mkewe hajaulizwa sokoni wanahama lini.

Tena zamani neno lilipita kwa mdomo, na lililopita kwa mdomo mtu aliweza kulikana au kulieleza upya. Siku hizi hupita kwa simu. Neno lililoandikwa kwa hasira katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi huhifadhiwa pamoja na tarehe na saa yake, na aweza kulisoma mtu ambaye mwandishi hakumkusudia kamwe. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Haya ya simu hayazoleki, wala hayakauki.

Kwa hiyo swali letu lina uzito. Si swali la adabu ya mazungumzo tu. Ni swali la mkate, na la amani ya nyumba.

MANUNG'UNIKO SI YA NAMNA MOJA

Mtu asemapo, “Kazi hii imenichosha,” aweza kuwa anasema mambo manne yaliyo mbali mbali. Yatupasa kuyatenganisha.

La kwanza ni dai. Dai ni kitu unachostahili na hujapewa: malimbikizo ya mshahara, daraja lililocheleweshwa, saa za ziada zisizolipwa, glavu na viatu vya kujikinga ambavyo havikuletwa. Dai lina kipimo, na kwa kawaida lina karatasi. Mara nyingi pia lina wenzake, maana lililokupata wewe limewapata na wengine.

La pili ni uchovu. Hapa hakuna aliyekunyima kitu. Umefanya kazi ile ile miaka kumi na miwili, moyo umepoa, asubuhi miguu ni mizito. Uchovu hauna karatasi. Hata ukiongezewa mshahara waweza kubaki.

La tatu ni nia ya kuondoka. Umeona njia nyingine: kurudi shuleni, kufungua duka, kuomba kazi mahali pengine, kurudi kwenu kulima. Si lazima uwe umechukia kazi uliyo nayo. Umeona tu kwamba mbele yako kuna barabara nyingine.

La nne ni kinyongo. Mwenzako amepandishwa, nawe umebaki. Mwenzako amepelekwa semina, nawe hukuitwa. Kinyongo hupenda kuvaa nguo za dai, kikatembea mbele za watu kama mtetezi wa haki. Namna ya kukitambua ni kujiuliza swali moja: “Kama mimi ndiye ningalipewa kile alichopewa mwenzangu, je, ningaliendelea kulisema jambo hili?” Ukiona kwamba ungalinyamaza, basi ujue si dai.

Mambo haya manne yakichanganywa katika chungu kimoja, hakuna awezaye kukusaidia. Kila moja lina mtu wake wa kuambiwa.

DAI LISEMWE WAZI

Tuseme bila kuficha: dai la haki halipaswi kufichwa. Wako waonao kwamba mfanyakazi mwema ni yule asiyelalamika. Hatukubali. Mfanyakazi anyamazaye juu ya dai la haki hulifanya liwe zito zaidi kwa yule atakayekuja baada yake, kwa kuwa mkubwa wa kazi atasema, “Mbona fulani hakudai?”

Zaidi ya hayo, mtu peke yake hawezi kujua kama lililompata ni la kwake tu. Ni kwa kuzungumza na wenzake ndipo hugundua. Chukueni mfano wa mishahara. Katika utumishi wa umma ngazi za mishahara hujulikana, na mwalimu aweza kujua mwenzake wa daraja lile lile apata nini. Lakini katika kampuni za watu binafsi kila mmoja hupatana peke yake, na mara nyingi huambiwa iwe siri. Siri hiyo ikitunzwa na wote, mwanamke aweza kulipwa pungufu kuliko mwanamume wa kazi ile ile kwa miaka, asijue. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yakataza ubaguzi kazini, na yataka mwanamume na mwanamke walipwe sawasawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haki isiyoweza kulinganishwa haiwezi kudaiwa.

Historia ya nchi yetu yafundisha jambo hili. Mwezi wa Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa ajili ya ujira, wakati maisha yalipokuwa yamepanda sana baada ya vita. Mgomo ule ukaenea mpaka miji ya bara iliyo kando ya reli. Dai lao lilikuwa moja, lilikuwa na kipimo, na lilikuwa la wote. Likapelekwa kwa wasuluhishi, na watu wa bandarini wakaongezewa ujira wao. Wakapata na chama chao. Lakini mgomo wa Februari 1950, katika bandari ile ile, uliishia katika vurugu. Wengine wakafungwa, na chama kikavunjwa mwaka uo huo. Kilichojengwa kwa maneno yaliyopangwa kilibomolewa kwa siku chache za ghasia. Kusema wazi ni jambo moja, na kusema ovyo ni jambo jingine.

Vile vile tumkumbuke Rashidi Kawawa. Alipokuwa mtumishi wa Serikali ya kikoloni, alikuwa pia rais wa chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, akawa Katibu Mkuu wake. Mashaka ya makarani na wasaidizi wa ofisi, ambayo kila mmoja angaliyanung'unikia kwake, yalipata mdomo wenye jina na cheo.

Basi leo dai lisemwe kwa njia gani? Lisemwe kwanza kwa msimamizi, kwa heshima na kwa maandishi, na nakala uiweke. Lisipopata jibu, lipelekwe kwenye tawi la chama: walimu wengi wako katika CWT, watumishi wa Serikali na wa afya katika TUGHE, wa serikali za mitaa katika TALGWU, wa viwanda na biashara katika TUICO. Hapo ndipo mazungumzo na wafanyakazi wenzako yanapokuwa na faida, maana hayaishii chini ya mwembe, bali hutoka na barua.

Lipo na jambo la siku, ambalo wengi hulisahau. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine ana siku 60. Mtumishi wa umma yampasa kwanza kumaliza njia zilizowekwa na sheria ya utumishi wa umma. Siku hizo hazimngojei mtu. Mtu aweza kutumia miezi miwili kuwasimulia wenzake jinsi alivyodhulumiwa, wote wakamwonea huruma, na siku aendapo kugonga mlango unaopasa akakuta ameshachelewa, naye hana budi kuanza kuomba radhi ya kuchelewa kabla ya kuomba haki. Huruma ya wenzake haikumzuia kupoteza.

NIA YA KUONDOKA IWEKWE KWANZA

Nia ya kuondoka si kama dai. Dai ni la watu wote. Nia ni yako. Nalo jambo lililo lako bado halina sura. Leo wataka duka, kesho wataka masomo, kesho kutwa mkuu wa idara abadilishwa nawe waipenda tena kazi yako. Ukiisha kulitangaza, watu watakushika kwa neno lako.

Tena wafikirie walio juu yako. Mkuu wa shule akisikia kwamba mwalimu fulani yuko njiani kuondoka, atampa mwingine nafasi ya mafunzo. Wala hatafanya hivyo kwa ubaya, bali kwa sababu ataka apate faida ya mafunzo hayo. Wenzako nao wataanza kukuhesabu kama mgeni. Ukitoa shauri katika mkutano, watasema moyoni, “Huyu hatakuwapo.” Umekuwa umeondoka kabla hujaondoka, na mshahara wa mahali pengine bado hujaupata.

Na neno “naacha kazi” lisitamkwe kwa hasira. Fao la kukosa ajira, lililowekwa katika sheria ya mwaka 2018, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Anayeandika barua ya kuacha kazi jioni ya ugomvi aweza kuamka asubuhi hana mshahara, wala fao.

Kwa hiyo nia ya kuondoka iambiwe nani? Iambiwe mke au mume, ambaye atakula matunda yake au hasara yake. Iambiwe mtu mzima mmoja aijuaye kazi yako lakini haketi katika ofisi yako. Ikishaiva, iambiwe msimamizi wako kwanza, kwa maandishi na kwa muda unaotakiwa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya 2004 yataka taarifa isiyopungua siku 28. Kisha siku ile ile, au kesho yake, waambie wenzako kwa mdomo wako mwenyewe, ili wasiisikie njiani.

Lakini hapa pana jambo moja ambalo halikubali kusubiri. Kama umekopa SACCOS, na mwenzako wa kazini amekudhamini, yeye si msikilizaji tu wa habari zako. Ukiondoka na mshahara wako ukikatika, deni litamgeukia yeye, na watoto wake ndio watakaopungukiwa. Huyo ana haki ya kujua kabla hujaondoka, na kabla ya msimamizi ikiwa lazima. Hali kadhalika wenzako wa kikoba unaoshika fedha zao. Siri yako isiwe mzigo wa mtu mwingine.

Mtu atauliza: kunyamaza hivi si kusema uongo? Hasha. Kutosema si kudanganya. Ukiulizwa waziwazi, usiape kwamba huendi mahali, waweza kujibu tu, “Jambo hilo likiiva, nitawaambia mwenyewe.” Jibu hilo ni la kweli, na mtu mwenye adabu hataendelea kuuliza.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Pale Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko tangu 1953. Mwaka ule ule alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akajiuzulu ualimu. Kazi yake ya pili haikuwa uvumi wa chumba cha walimu. Ilikuwa wazi mbele ya nchi nzima. Na saa ya kuchagua ilipofika, aliwajibu wale waliokuwa na haki ya kumwuliza, akaondoka. Wala hakuitupia lawama kazi aliyoiacha: jina la Mwalimu alidumu nalo mpaka kufa kwake tarehe 14 Oktoba 1999. Aondokaye vizuri huchukua jina lake pamoja naye.

UCHOVU UPATE MTU MMOJA

Uchovu nao usifichwe kabisa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na uchovu wa moyo ukifungiwa sana hutoka kwa njia nyingine: kwa fimbo juu ya mtoto asiye na kosa, kwa jibu kali kwa mgonjwa, kwa pombe, kwa ukali nyumbani. Lakini uchovu hautaki mkutano; wataka mtu mmoja.

Mtu huyo atambuliwe vipi? Tazama kwanza jinsi anavyozitunza siri za wengine. Akuleteaye siri za wenzako leo, atawapelekea zako kesho. Pili, asiwe anakingojea kiti chako. Tatu, asiwe mdogo wako kazini.

Juu ya hili la tatu twataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo madhara makubwa hufanyika pasipo mtu kukusudia. Kila mwaka vijana hupangiwa kazi, wakafika shuleni au zahanati wakiwa na cheti kipya na sanduku moja. Siku ya kwanza huketi pamoja na wakubwa, nao wakubwa, kwa mazoea tu, husema: “Mdogo wangu, umepotea njia. Kazi hii haina maana. Tafuta pa kutokea.” Mkubwa amesema kwa mzaha, naye kesho yake atakuwa darasani kama kawaida, kwa kuwa miaka ishirini imemfundisha kusema hivi na kufanya vile. Lakini kijana hajui kwamba ni mazoea, yeye husadiki. Moyo wake huvunjika kabla mikono yake haijaionja kazi. Na watakaolipa ni watoto arobaini au sabini waliokuwa wanangoja mwalimu mpya. Mgeni wa kazi aambiwe ukweli: mshahara ni kiasi gani, daraja hupandaje, chama kiko wapi. Lakini asipewe kunywa uchungu ambao hakuuchuma.

Kuna uchovu mmoja ambao si siri hata kidogo. Muuguzi aliyeunganisha zamu mbili, akiona kwamba macho yanamdanganya apimapo dawa, au dereva wa gari la wagonjwa anayesinzia usukanini, hana ruhusa ya kunyamaza kwa kuogopa kuitwa mvivu. Amwambie mkuu wa zamu papo hapo. Hayo si manung'uniko. Ni kulinda uhai wa mtu.

Na kinyongo je? Kinyongo kisiambiwe mwenzako wa kazi hata mmoja. Ukimwambia anayekupenda, atakiongeza. Ukimwambia asiyekupenda, atakipeleka. Kikalie mwenyewe mpaka kipoe, kisha mwulize mkubwa wako swali moja lililo safi: “Nifanye nini nami nistahili?”

WAJIBU WA ANAYESIKIA

Mpaka hapa tumemfundisha asemaye. Lakini asikiaye naye ana wajibu wake. Mwenzako akikufungulia moyo, amekuweka amana. Usiitumie amana hiyo kuchangamsha mazungumzo ya wengine. Usimchochee: ni rahisi kumwambia mwenzako, “Acha kazi hiyo, wewe ni mwanamume,” wakati kodi ya nyumba yake si wewe utakayeilipa. Wala usimnyamazishe kwa kumwambia kwamba wako wasio na kazi kabisa; hilo alijua kabla hujamwambia. Msikilize, kisha umsaidie kutenganisha: hili ni dai, hili ni uchovu, hili ni nia.

Nao wakubwa wa kazi twawaambia neno moja. Mahali ambapo watu hunung'unika vichochoroni tu, mara nyingi ni mahali ambapo mlango wa mbele umefungwa. Mkuu anayemwadhibu aliyesema kwa heshima huwafundisha wote waliosalia kusema kwa siri. Asishangae baadaye akisikia habari za ofisi yake mtaani.

MFANO WA KUJARIBIA

Ili somo lishike, tufikirie mwalimu mmoja wa kike wa hapa Tangini. Hatumtaji mtu, twatunga mfano tu. Ameajiriwa miaka tisa. Daraja lake limecheleweshwa, na wenzake wanne walioajiriwa pamoja naye nao hawajapandishwa. Darasa lake lina watoto wengi, na jioni sauti humkauka. Moyoni anafikiri kufungua duka la vifaa vya shule. Naye ameudhika kwamba mwenzake ameteuliwa kuwa mtaaluma.

Siku moja, wakati wa chai, mwalimu huyu husema yote pamoja: daraja, watoto, duka, na uteuzi. Jambo gani litapita kwenda kwa mkuu wa shule? Si daraja, ni duka na uteuzi. Na siku atakapodai daraja lake, atajibiwa kwamba yeye ni mtu wa kinyongo, tena ataka kuondoka. Dai lake la haki limezama ndani ya mengine.

Sasa tuyatenganishe. Daraja: awaambie wale wanne, waandike pamoja, wapeleke kwa mkuu na kwa mwakilishi wa chama. Wingi wa watoto: aulete katika kikao cha walimu, pamoja na hesabu yake, akitoa shauri. Sauti na miguu mizito: amwambie rafiki mmoja, na aende kwa mganga. Duka: azungumze na mumewe, na na mtu mwenye duka, na na daftari la hesabu, na kama aliyemdhamini mkopo ni mwalimu mwenzake, amwambie kabla ya kuandika barua yoyote. Uteuzi: amwulize mkuu, faragha, kinachotakiwa kwa nafasi ijayo. Ni mambo yale yale, na ni mwalimu yule yule. Lakini sasa kila neno limefika penye mtu wa kulitendea kazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA KAZINI

1. Uchungu nilio nao leo ni dai, ni uchovu, ni nia ya kuondoka, au ni kinyongo?

2. Huyu ninayetaka kumwambia aweza kutenda nini juu yake? Kama hawezi kutenda lolote, aweza angalau kuutunza?

3. Kama neno hili litaandikwa na kusomwa mbele ya mkuu wangu na mbele ya watoto wangu, nitalikubali kuwa langu?

4. Je, yuko mtu ambaye ukimya wangu utamdhuru: mdhamini wangu, mgonjwa wangu, mwenzangu anayelipwa pungufu asijue?

5. Mgeni wa mwisho kufika mahali pangu pa kazi, nimemwambia nini juu ya kazi yetu?

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee. Lakini wazee hao hawakusema kwamba ulimi ufungwe. Walitaka utazame njia. Dai lako lipeleke mchana kweupe pamoja na wenzako, uchovu wako uweke kwa rafiki mmoja, nia yako itunze mpaka iive. Na mdhamini wako usimwache akaisikia kwa watu.